Schengen: Kijiji Zinapokutana Nchi Tatu

Mtu wa Afrika ya Mashariki aombaye ruhusa ya kwenda kutembea Ufaransa, Ujerumani au Uholanzi, akikubaliwa, hubandikiwa katika pasipoti yake karatasi iitwayo viza ya Schengen. Wengi hudhani kuwa neno hilo ni jina la ofisi, au la bwana mkubwa fulani aliyetunga sheria. Sivyo. Schengen ni kijiji cha wakulima wa mizabibu katika nchi ndogo ya Luxembourg, na wenyeji hulitamka jina lake "Sheng'en". Yafaa kujua jinsi kijiji kidogo namna hii kilivyopata jina kubwa, kwa maana habari zake zina mafunzo kwa kila mtu akaaye karibu na mpaka.

MAHALI PENYEWE

Kijiji hiki kiko ukingoni mwa mto Moselle, upande wa magharibi. Ng'ambo ya mto ni Perl, nayo iko Ujerumani. Mtu akivuka daraja, kisha akageukia kusini na kwenda mwendo mfupi, hufika Apach, kijiji cha Ufaransa. Safari ya kuziona nchi tatu haihitaji gari, miguu yatosha.

Mto wenyewe una sheria ya ajabu. Katika nchi nyingi mpaka wa mtoni hupita katikati ya maji. Hapa, tangu mapatano ya mwaka 1816, sehemu ya mto itenganishayo Luxembourg na Ujerumani ni mali ya pande zote mbili kwa pamoja, toka ukingo hata ukingo. Mvuvi aliye katika mashua yake yuko katika nchi mbili kwa wakati mmoja.

Miteremko ya vilima imepandwa mizabibu kwa safu. Wakati wa baridi wakulima huipogoa, na mnamo Septemba na Oktoba huvuna zabibu na kuzikamua mvinyo mweupe. Kuna pia ngome ya zamani yenye mnara wa mviringo, ambao mwandishi maarufu wa Ufaransa, Victor Hugo, aliuchora kwa mkono wake mwaka 1871. Lakini wageni wengi wa siku hizi hawaji kutazama mnara. Huja kujaza petroli, kwa sababu kodi ya petroli katika Luxembourg ni ndogo kuliko ya majirani.

SABABU YA UGOMVI

Nchi izungukayo kijiji hiki iligombaniwa kwa muda mrefu. Sababu kubwa ilikuwa chini ya ardhi. Upande wa mashariki, katika jimbo la Saar, yalikuwako makaa ya mawe. Upande wa kusini, katika Lorraine, ilikuwako chuma. Taifa lililoshika vyote viwili liliweza kuunda reli, mashine na mizinga. Kwa hiyo Ufaransa na Ujerumani hazikuachana na majimbo hayo kwa hiari.

Mfikirie mzee aliyezaliwa Apach mwaka 1865 na kuishi miaka themanini. Alizaliwa Mfaransa. Mwaka 1871, baada ya vita, akawa chini ya Ujerumani. Mwaka 1918 akarudi Ufaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wakaichukua tena nchi yake, na vita vilipokaribia kwisha ikarudi Ufaransa mara nyingine. Bendera imebadilika mara nne juu ya kichwa chake, wala yeye hakuhama nyumba.

Watu wa Saar walipata mambo kama hayo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jimbo lao liliwekwa chini ya Chama cha Mataifa, kile kilichoutangulia Umoja wa Mataifa. Mwaka 1935 walipiga kura, na zaidi ya tisa katika kila kumi wakachagua Ujerumani. Baada ya vita vya pili jimbo likatengwa tena na kuwa chini ya uangalizi wa Ufaransa.

Luxembourg haikutaka vita na mtu. Ilikuwa imetangazwa mwaka 1867 kuwa nchi isiyopendelea upande wowote. Hata hivyo majeshi ya Ujerumani yaliingia tarehe 2 Agosti, 1914, na tena tarehe 10 Mei, 1940. Katika vita vya pili yapata vijana 10,000 wa nchi hiyo walilazimishwa kuvaa sare za jeshi la adui, na maelfu kati yao hawakurudi. Tusisahau kuwa moto huo ulifika hata kwetu. Katika Agosti ile ile ya mwaka 1914, Wajerumani walivuka mpaka wa Tanganyika wakaitwaa Taveta, nao hawakutolewa mpaka Machi, 1916. Wakulima wa Taveta na wakulima wa Schengen hawakujuana, lakini mwezi mmoja uliwaletea msiba mmoja.

SHAURI JIPYA

Baada ya mwaka 1945 watu wenye busara waliona kuwa kuhamisha mpaka hakuleti amani, kwa sababu kila aliyeshindwa hungoja siku ya kulipiza. Mmoja wao alikuwa Robert Schuman. Baba yake alitoka Évrange, kijiji cha Lorraine kilicho karibu na mpaka wa Luxembourg. Schuman mwenyewe alizaliwa mjini Luxembourg mwaka 1886 akiwa raia wa Ujerumani, na Lorraine iliporudi Ufaransa akawa Mfaransa. Mtu kama huyo aliyajua maumivu ya mpaka nyumbani kwao. Tarehe 9 Mei, 1950, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, alitoa shauri kwamba makaa ya mawe na chuma za Ufaransa na Ujerumani ziwekwe chini ya mamlaka moja, ili asiwepo awezaye kujiundia silaha kwa siri. Mataifa sita yalitia sahihi mkataba huo mwaka 1951.

Mwaka 1955 watu wa Saar walipiga kura tena, na tangu mwanzo wa mwaka 1957 jimbo lao likawa sehemu ya Ujerumani ya Magharibi. Mara hii Ufaransa haikupeleka askari. Ilikubali, na katika mapatano ikapata jambo iliyolihitaji: mto Moselle uchimbwe na kutengenezwa ili meli kubwa zipite. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1964. Hivyo mto uliokuwa mstari wa vita ukawa njia ya biashara.

MKATABA ULIOTIWA SAHIHI MTONI

Hata hivyo mipakani bado palikuwa na vizuizi. Mwanzoni mwa mwaka 1984 madereva wa malori, waliochoka kungoja maofisa wa forodha, walifunga barabara kubwa za Ufaransa. Mwezi wa Julai mwaka huo Ufaransa na Ujerumani ya Magharibi zilipatana kupunguza ukaguzi. Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, ambazo tangu mwaka 1960 zilikuwa zimeachiana mipaka, zikataka kuingia pamoja.

Ikatafutwa mahali pa kutia sahihi. Schengen ilifaa, kwa kuwa hapo ndipo nchi hizo tatu rafiki zinapogusana na Ufaransa na Ujerumani. Tarehe 14 Juni, 1985, wajumbe wa serikali tano walipanda meli iitwayo Princesse Marie-Astrid, iliyokuwa imefungwa gati kijijini, wakaandika majina yao. Hakuwako mfalme, wala rais, wala waziri mkuu.

Kutia sahihi ni kazi ya dakika chache. Kulitimiza neno kulichukua karibu miaka kumi. Maana nchi ikiacha kukagua mlango wake, humtegemea jirani akague wa kwake vizuri. Ilibidi kupatana juu ya viza moja, juu ya polisi kupashana habari za wahalifu, na juu ya ulinzi wa mipaka ya nje. Mambo hayo yaliandikwa katika mkataba wa pili, uliotiwa sahihi kijijini hapo hapo mwaka 1990. Tarehe 26 Machi, 1995, nchi saba zikaacha ukaguzi kati yao. Kufikia mwaka 2025 nchi za mapatano hayo zilikuwa 29.

FAIDA NA GHARAMA

Kwa mkulima wa Schengen faida ni wazi. Huvuka daraja kwenda kununua vitu au kumzika ndugu bila kuulizwa neno. Lakini kwa mtu atokaye mbali mambo yana sura nyingine. Mlango wa ndani ulipofunguliwa, ukuta wa nje uliinuliwa. Mwafrika aombaye viza hujaza karatasi nyingi, hulipa ada, huonyesha fedha na kazi yake, na akikubaliwa haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Akikataliwa, nchi zote za mapatano huweza kuiona habari hiyo.

Tena uhuru huo si wa milele. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, Ujerumani ilirudisha ukaguzi katika mpaka wake na Luxembourg, na baadhi ya madaraja ya Moselle yakafungwa kwa wiki kadhaa. Mwezi wa Septemba, 2024, serikali hiyo ilirudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, ikitaja habari za wahamiaji na usalama.

MAFUNZO KWETU

Mipaka ya Afrika ya Mashariki ilichorwa na wageni. Ule wa Kenya na Tanganyika, ulioanzia katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, uliwakata Wamaasai, Wadigo na wengineo wakawa wa nchi mbili. Mapatano ya soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki yalianza kutumika Julai, 2010, na tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha nyumbani. Huko Taveta na Holili, palipopiganiwa zamani, maofisa wa Kenya na wa Tanzania sasa hufanya kazi chini ya paa moja, ili msafiri asimame mara moja badala ya mara mbili.

Schengen yatufundisha kuwa mpaka haukuondolewa kwa kuusogeza, bali kwa kuufanya usiwe na maana kubwa kwa mtu wa kawaida. Pia yatufundisha kuwa jambo hilo hushikwa na uaminifu wa majirani tu. Uaminifu ukipungua, kizuizi hurudi barabarani kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba humwagika mara moja.