Ahabu na Shamba la Nabothi: Maswali na Majibu

Ahabu alikuwa mfalme wa namna gani?

Ahabu mwana wa Omri alitawala Israeli ya kaskazini kutoka Samaria kwa miaka 22, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Hakuwa mfalme mnyonge. Jiwe la Shalmanesa wa Tatu, mfalme wa Ashuru, linampa magari ya vita 2,000 na askari 10,000 katika vita vya Qarqar, mwaka 853 kabla ya Kristo. Kitabu cha Wafalme hakivitaji kabisa vita hivyo. Kinamshitaki Ahabu kwa kumjengea Baali madhabahu baada ya kumwoa Yezebeli wa Sidoni, na kwa shamba la mizabibu la mtu mmoja wa Yezreeli.

Kwa nini shamba moja lina uzito kuliko vita?

Kwa sababu hapo ndipo ibada ya Ahabu inapoonekana ilivyozaa matendo. Alilitaka shamba la Nabothi, lililopakana na jumba lake, alifanye bustani ya mboga. Tena alitoa masharti mazuri: shamba bora zaidi, au fedha. Nabothi alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake, na katika Torati ardhi ni ya Mungu; familia zimekabidhiwa tu. Ahabu akalala kitandani akasusa chakula.

Yezebeli ndiye aliyeandika barua, lakini zilipigwa mhuri wa mfalme. Wazee wa mji wakatangaza mfungo, wakaweka mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe kwa kosa la kumtukana Mungu na mfalme. Kila hatua ilikuwa na sura ya sheria: mfungo, baraza, mashahidi wawili. Baadaye inatajwa pia damu ya wanawe, maana yake hakubaki mrithi wa kudai. Ahabu hakuuliza Nabothi amekufaje. Aliinuka akaenda kulitwaa shamba. Nabii Eliya alipomkuta humo, alimhesabia mauaji yeye mwenyewe, wala si mkewe peke yake. Wahubiri wanaomtupia Yezebeli lawama yote wanausahau mhuri.

Habari hii inagusaje watu wa Kigoma?

Mtu wa Mwandiga mwenye michikichi iliyopandwa na babu yake anaelewa haraka jibu la Nabothi. Katika Buha ya zamani mwami alitawala, lakini ardhi na matambiko yake vilikuwa na msimamizi wake, mteko, wa ukoo uliotangulia kufika. Leo ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua hakimiliki ya kimila. Ulinzi huo unategemea wajumbe wa baraza. Wazee wa Yezreeli nao walikuwa baraza.

Na nyumba ya pembe ya Ahabu?

Maandiko yanasema Ahabu alijenga nyumba ya pembe za ndovu, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vya pembe zilizochongwa huko Samaria. Ujiji ya karne ya 19 iliijua biashara ya pembe kwa upande wake mchungu: pembe na watumwa vilishuka njia moja kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Nabii Amosi, zaidi ya miaka mia moja baada ya Ahabu kuanza kutawala, alizitaja nyumba za pembe pamoja na kuonewa kwa maskini.

Je, Waislamu wanaifahamu habari hii?

Sehemu yake, ndiyo. Sura ya 37 ya Kurani inamtaja Nabii Ilyasi, yaani Eliya, akiwakemea watu wake kwa kumwomba Baali. Ahabu na Nabothi hawamo.

Toba ya Ahabu ilikubaliwa?

Ilikubaliwa kwa kiasi. Alirarua mavazi, akavaa gunia, akafunga, na adhabu ya nyumba yake ikaahirishwa hadi siku za mwanawe. Hilo ni fundisho kubwa juu ya rehema, kwa kuwa aliyehurumiwa ni mtu wa hali hiyo. Lakini hakuna panaposemwa kwamba shamba lilirudishwa, tofauti na Zakayo wa Injili aliyeahidi kulipa mara nne. Muda si mrefu Ahabu alimtia gerezani nabii Mikaya kwa kumwambia ukweli, akaenda Ramoth-Gileadi akiwa amejigeuza, na huko mshale uliopigwa kwa kubahatisha ukamwua.