AFYA YA MAMA: KWA NINI DAKTARI ANAPASUA NA KWAPA?

Mama aliyepelekwa hospitali ya rufaa kupasuliwa titi lenye kansa huweza kurudi kambini na kovu la pili, kwapani. Majirani huuliza: "Ugonjwa ulikuwa kwenye titi, kwapa limekosa nini?" Wengine husikia hayo wakaogopa kwenda kabisa.

Mwilini mna majimaji yanayopita katika mishipa myembamba, mbali na ile ya damu. Yale ya titi huelekea zaidi kwapani. Huko kuna tezi ndogo kama maharagwe, kwa kawaida 20 hadi 30 hivi, zinazoyachuja. Chembe za kansa zikitoka kwenye titi, mara nyingi hunaswa hapo kwanza. Daktari akizipima tezi hujua ugonjwa umefika wapi na matibabu gani yafuate. Kupapasa kwa vidole hakutoshi, kwani tezi yenye kansa huweza isivimbe, na iliyovimba huweza kuwa imevimba kwa kidonda cha mkono tu. Wanaosema kisu ndicho kinachotawanya kansa wanakosea: inayokutwa kwapani ilikwisha kufika kabla ya kisu.

Zamani tezi nyingi ziliondolewa kwa karibu kila mgonjwa, na baadhi walibaki na mkono uliovimba, maana majimaji yalikosa njia. Mwaka 1994 daktari Armando Giuliano na wenzake huko California, Marekani, walitoa taarifa ya njia nyingine. Rangi ya buluu hudungwa kwenye titi na kufuatwa hadi tezi ya kwanza inayoipokea. Hiyo, au mbili tatu, hutolewa na kupimwa kwa darubini. Zikiwa safi, nyingine huachwa. Mama akikojoa mkojo wa kijani baadaye asishtuke. Ni rangi ile.

Si kila hospitali ina vifaa hivyo. Kwa hiyo, mama, uliza kabla ya kupasuliwa ni tezi ngapi zitatolewa. Uliza pia majibu yatatoka lini na utayapataje ukiwa kambini. Bila majibu hayo, matibabu yanayofuata ni kubahatisha.

Ukisharudi, nyoosha mkono taratibu kama muuguzi alivyokuonyesha, na usibebe ndoo kwa mkono huo mpaka uruhusiwe. Ukivimba, ukiwa mwekundu au wa moto, nenda zahanati siku hiyo hiyo.