Kuuza Vitu vya Kale vya Nyumba Nzima

Mwenye nyumba akifariki Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, mara nyingi mtu hubisha hodi kabla eda haijaisha, akiulizia lile kasha la msaji. Ataketi, atatoa pole, kisha atataja bei na kuonyesha fedha taslimu. Usimuuzie siku hiyo, hata kama bei ni nzuri. Anayenunua mapema huchagua, na anachochagua ndicho ambacho kingewavuta wanunuzi wa vingine vyote. Kasha na kiti cha enzi (kile kiti cha heshima cha nyumba za pwani) vikishaondoka, hakuna atakayepanda ngazi kuja kutazama mirashi, vyetezo na saa mbovu ya ukutani.

Kwa hiyo kisitoke kitu mpaka orodha ikamilike na warithi wote wawe wameiona. Piga picha ya kila kitu mbele, nyuma, chini na ndani, hasa alama zilizo chini ya sahani za kaure na vijidroo vya siri vya makasha. Andika vipimo na kasoro. Halafu keti na shangazi au bibi mwenye kumbukumbu, umuulize nani alileta nini, kutoka wapi, katika harusi ya nani. Picha ya zamani inayoonyesha kiti kile kile sebuleni inaweza kuongeza bei kuliko fundi yeyote, kwa sababu mnunuzi makini hulipia historia inayothibitika. Na tafadhali usisugue shaba wala sarafu: rangi ya ukale ikitoka hairudi, na bei huondoka nayo.

Sheria nayo itazamwe mapema, maana hapa watu hupoteza mali na hata uhuru wao. Kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006, kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, na mlango au fremu ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1946 inalindwa. Tanzania Bara, sheria ya 1964 inataja 1863 kwa vitu na 1940 kwa milango. Zanzibar ina sheria zake. Nenda makumbusho, Fort Jesus au Lamu, na orodha yako mkononi, uulize kinachohitaji kibali kabla hujaahidi kukiuza au kukisafirisha. Kiti cha enzi kichunguzwe zaidi, kwani vipambo vyake vyeupe huweza kuwa mfupa au pembe ya ndovu. Ikiwa ni pembe, zungumza na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kabla ya kukitangaza popote.

Sarafu huwapumbaza wengi. Riale ya Maria Theresa huandikwa 1780 hata iliyopigwa karne mbili baadaye, kwa hiyo mwaka huo hauthibitishi ukale. Nyingi bei yake ni ya fedha iliyomo tu: uzito wa gramu 28 hivi, fedha halisi asilimia 83. Pesa za shaba za Sayyid Barghash wa Zanzibar za 1299 Hijria, zenye picha ya mizani, bado ni nyingi. Riale yake ya fedha ya mwaka huo huo ni adimu, na hiyo tafutia mtaalamu.

Sasa gawa mafungu. Vile vichache bora, vyepesi kusafirisha na vyenye kibali, vinaweza kwenda mnadani London. Lakini piga hesabu: nyumba ya mnada hukata kamisheni yako, na mnunuzi huongezewa karibu robo juu ya bei ya nyundo, jambo analolikumbuka anapotaja bei yake. Dai bei ya chini iandikwe kwenye mkataba. Makasha na vitanda vizito hulipa zaidi hapa hapa pwani, kwa wanaokarabati nyumba na hoteli Lamu, Shela na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Masalio yauzwe nyumbani kwa siku moja, kwa jumla.

Fungu moja nakusihi usilivunje: misahafu ya mkono na barua za ukoo. Siyu na Pate kuliandikwa misahafu ya ajabu, na ukurasa uliochanwa ukauzwa peke yake ni hasara kwa familia na kwa pwani nzima. Anza na makumbusho au chuo kikuu, na uombe nakala za kidijitali kwa ajili ya watoto wenu.

Dalali apewe karatasi: asilimia yake, muda wake, na picha za kila anachobeba, zikiwa na sahihi. Akikataa asilimia na kutaka tu umtajie bei unayoitaka ili kinachozidi kiwe chake, tafuta mwingine. Malipo makubwa yapitie benki, na mzigo utoke mlangoni baada ya fedha kuonekana kwenye akaunti ya mirathi, si ya mrithi mmoja.