Terani ya kijiji: mvua, radi, na pahali pa watoto kuchezea

Somo la leo haliko juu ya kahawa wala maharagi. Liko juu ya kile kipande cha ardhi ambacho katika vijiji vyetu vya Kabare na Kalehe kila mtu anakipitia na hakuna anayekilima: terani ya mpira. Ni pale vijana wanacheza siku ya Mungu, ni pale chefu anakutanisha watu, ni pale mbuzi wanakula asubuhi. Na kila mwaka, saizoni A ikikaribia, kuna mtu anaitazama na kusema: «Hii nafasi inakaa bure, tutie maharagi.»

Tupime kwanza. Terani ndogo kabisa inayokubaliwa na sheria za mpira wa watu 11 ina mita 90 kwa 45. Ni mita mraba 4.050, hata nusu ya hekta haifiki. Mkiigawa kwa nyumba 60, kila nyumba inapata kama mita 8 kwa 8. Maharagi ya pale hayatavusha mtu hadi mavuno mengine. Lakini kijana asiye na pahali pa kukaa na wenzake saa za jioni anaanza kuwaza Bukavu, ao kwenye mashimo ya dhahabu. Kwa mawazo yetu, terani ibaki. Ila iwe pahali pazuri, na pasipo hatari.

Hatari ya kwanza ni radi. Mwaka 2016 watu wa sayansi walitoa hesabu za miaka 16 ya kazi ya setilaiti, wakitafuta pahali ambapo umeme wa mvua unapiga zaidi duniani. Pa kwanza ni ziwa Maracaibo kule Venezuela. Pa pili, na pa kwanza katika Afrika yote, ni Kabare: mimweko 205 kwa kila kilomita mraba moja kwa mwaka. Mingi kati ya hiyo inabaki mawinguni, lakini inayoshuka chini inatosha kuua.

Kwa nini hapa kwetu? Hewa yenye maji inatoka upande wa msitu na upande wa ziwa, inakuta milima, inasukumwa juu. Jua la mchana nalo linaipasha. Ikipanda mbio inatengeneza mawingu marefu, na ndani yake vipande vya barafu vinagongana. Kule ndiko umeme unazaliwa. Hakuna mama mzee wa jirani anayetuma kitu kile. Tunaandika hivi wazi kwa sababu katika vijiji vyetu radi ikipiga mtu, ya pili yake mara nyingi ni kutafuta wa kusingizia, na kijiji kinapata mfu wa pili.

Basi mchezo ufuate mvua. Kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 5, mvua za ngurumo zinapenda kuja mchana kupita na jioni. Panga mechi asubuhi, na mashindano makubwa yangojee kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8. Mkiwa terani na umeme ukimulika, hesabu polepole hadi kusikia ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Kama hamkufika 30, radi iko karibu: mchezo usimame, hata kama ni penalti ya mwisho. (Tunajua wachezaji watakavyomwangalia mwamuzi siku hiyo. Ndiyo maana komite ya kooperative imusimamie.) Mrudi terani dakika 30 zikipita tangu ngurumo ya mwisho.

Wapi pa kukimbilia? Masomo ao kanisa lenye kuta na mlango, ao ndani ya gari lililofungwa. Hangari isiyo na kuta haitoshi, na nyumba ya nyasi haikingi radi. Chini ya mti wa peke yake ni pabaya kuliko kubaki na mvua, kwa sababu radi ikipiga mti inatembea ardhini hadi miguuni mwa wote waliokusanyika pale. Wachungaji wanajua: ng'ombe wanakufa wengi kwa mara moja chini ya mti mmoja. Na mtu akipigwa, musiogope kumugusa. Hana umeme mwilini. Kama hapumui, mumpulizie hewa na kumkandamiza kifua, mara ile ile, huku wengine wakitafuta namna ya kumfikisha kituo cha afya.

Jambo la pili ni pahali penyewe. Milima yetu inashuka hadi ziwani na nafasi tambarare ni chache, kwa hiyo terani, soko na masomo vyote vinasongamana pale mto unapoingia Kivu. Lakini jiulize: ile tambarare ilitoka wapi? Mto ndio uliileta, mawe na udongo, mafuriko baada ya mafuriko. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, ku Bushushu na ku Nyamukubi, mito ilirudi mu nafasi yake. Ku Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa. Ukichimba terani yenu ukakuta mawe ya mviringo yamechanganyika na udongo, jua mto ulishapita hapo. Hatusemi muihame kesho. Tunasema mvua ikiwa nyeusi kule juu mlimani, watoto watoke, hata kama kwenu jua linawaka.

Sasa maji ya mvua yenyewe. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni litri 1. Mvua ya milimita 30 juu ya terani ile ni litri 121.500, yaani bidon 6.075 za litri 20, bila kuhesabu yanayoshuka kutoka mashamba ya juu. Chimbeni mtaro upande wa juu, ukifuata usawa wa mlima, na ukingoni mupande setaria: inashika udongo na inalisha mbuzi. Maji yatokee penye nyasi, si mu shamba la jirani. Mashimo ya matofali karibu na terani mufukie siku ya salongo. Mbu wa malaria wanazalia humo, na mtoto anayefuata mpira anaweza kuzama.

Kivuli cha watazamaji: grevilea, mstari mzima, upande wa magharibi ambako jua la jioni linatoka. Eukaliptusi hapana kama chemchemi iko karibu.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kilete mkebe mtupu wenye kuta zilizonyooka. Tutaufunga juu ya mti uliosimikwa, mbali na paa na matawi, na kila asubuhi saa moja mtoto mmoja wa masomo atapima maji kwa rula, aandike mu kaye milimita, amwage.

Maulizo ya kuzungumzia:
Ni nani kwetu mwenye ruhusa ya kusimamisha mchezo?
Kutoka terani hadi nyumba ya kuta, mtoto wa miaka sita anakimbia dakika ngapi?