Mlinzi na Bao Moja

1. Dungu na goli

Watoto wa pande za Lionja, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, wanaijua vema kazi ya kulinda shamba. Mahindi yakianza kukomaa, nguruwe huja usiku, na mchana huja nyani na ndege. Kwa hiyo mwenye shamba hujenga dungu, akapanda juu yake, akakesha. Asubuhi watu wakipita na kuona mahindi yote yamesimama, hakuna amsifuye mlinzi. Husema tu kwamba mwaka huu mvua ilikuwa njema. Lakini mlinzi akisinzia saa moja, nguruwe wakaingia, kijiji kizima kitausema usingizi ule mpaka mavuno mengine.

Kazi ya beki katika mpira wa miguu ni mfano wa kazi hiyo. Kila timu ina wachezaji 11. Mmoja ni golikipa, na mbele yake husimama mabeki, kwa kawaida 4, pengine 3 au 5. Mshambuliaji akifunga bao, jina lake hutajwa redioni na kuandikwa magazetini. Beki hufanya kazi ili jambo fulani lisitokee, na jambo lisilotokea halina mwenye kulisimulia. Hata hivyo, katika somo hili tutaona jinsi bao moja tu lilivyoweza kugeuza safari ya timu nzima, na jinsi kijana mmoja wa Tanzania alivyokua katika kazi hii ya ulinzi mpaka ikawa ndiyo kazi yake ya ujira.

2. Mambo ayapasayo beki kuyajua

Wengi hudhani kwamba beki hahitaji ila nguvu na mateke. Sivyo. Jambo la kwanza ni mahali pa kusimama. Beki mwema husimama kati ya adui na goli, wala hakimbilii kila mpira, kwa maana akikimbilia upesi na kukosa, huacha mlango wazi nyuma yake.

Jambo la pili ni umoja. Iko sheria iitwayo ya kuotea. Mshambuliaji aliye katika nusu ya uwanja ya adui zake, ikiwa wakati mwenzake anampigia mpira yeye yupo karibu na mstari wa goli kuliko mpira wenyewe, na karibu kuliko adui wa pili kutoka mwisho, huyo ameotea. Akiucheza mpira ule, mwamuzi hupiga filimbi. Kwa sababu hiyo mabeki husogea mbele pamoja na kurudi nyuma pamoja, kama watu wanaovuta kamba. Mmoja akichelewa nyuma, adui huwa halali kwa ajili yake, na kazi ya wenziwe wote hupotea.

Jambo la tatu ni kujizuia. Beki akimwangusha mtu kwa makosa ndani ya eneo la hatari, adui hupewa penalti, mpira ukawekwa mita 11 kutoka golini, na golikipa hubaki peke yake. Hasira ya dakika moja yaweza kuwa hasara ya timu nzima.

3. Kijana wa Morogoro

Dickson Job alizaliwa mwaka 2000, naye ni mtu wa Morogoro. Katika mkoa huo, huko Turiani, kipo kiwanda cha sukari cha Mtibwa, na kiwanda hicho kina timu yake, Mtibwa Sugar, iliyokuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na mwaka 2000. Timu hiyo ina sifa ya kulea vijana, na Job alikuwa miongoni mwao. Yeye si mrefu kama walivyo mabeki wengi wa kati. Basi mtu asiye mrefu, akitaka kuucheza mpira wa juu mbele ya mtu mrefu, imempasa afike mapema, na ili afike mapema imempasa aone mapema. Upungufu wa kimo hujazwa na akili.

4. Habari za Serengeti Boys

Timu ya Tanzania ya vijana wasiozidi miaka 17 huitwa Serengeti Boys. Mwaka 2016 ilikuwa ikitafuta nafasi katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2017. Mchezo wa mwisho wa kuitafuta nafasi hiyo ulikuwa na Congo ya Brazzaville. Dar es Salaam Watanzania walishinda kwa mabao 3 kwa 2. Brazzaville wakafungwa bao 1 kwa 0. Jumla ikawa mabao 3 kwa 3. Lakini kanuni ya mashindano yale ilisema kwamba jumla zikiwa sawa, hushinda timu iliyofunga mabao mengi zaidi ugenini. Wakongo walikuwa wamefunga 2 Dar es Salaam, na Watanzania hawakufunga hata moja Brazzaville. Serengeti Boys wakatolewa.

Walakini habari haikuishia hapo. Tanzania ililalamika kwamba mchezaji mmoja wa Congo alikuwa amepita umri uliowekwa. Siku hizi umri wa vijana waweza kuchunguzwa kwa mashine ipigayo picha mifupa ya kifundo cha mkono. Mtoto akiwa bado anakua, ncha za mifupa ile hazijaungana. Akiisha kukua, huungana kabisa, na picha huonyesha. Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, liitwalo CAF, liliagiza mchezaji yule aletwe apimwe. Hakuletwa. Basi mwezi wa Februari mwaka 2017 Congo iliondolewa, na nafasi yake ikapewa Tanzania.

Fikirini jambo hili. Wachezaji wengine wa Congo walikuwa wamecheza na kushinda uwanjani, lakini jasho lao lilipotea kwa sababu ya shaka juu ya umri wa mwenzao mmoja. Wako watu watakaomwambia kijana mwenye kipaji, "Punguza miaka yako, utapata nafasi." Maneno hayo ni mtego. Aanzaye kazi kwa uongo huubeba uongo huo katika kila karatasi atakayotia sahihi, na siku utakapofichuka hauangamizi mmoja peke yake.

5. Gabon, mwezi wa Mei 2017

Mashindano yalifanyika Gabon, na nahodha wa Serengeti Boys alikuwa Dickson Job, kijana wa miaka 16. Timu 4 zitakazofika nusu fainali zilikuwa zimeahidiwa kwenda India, katika Kombe la Dunia la vijana.

Mchezo wa kwanza ulikuwa na Mali, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Ulinzi wa Tanzania ulisimama imara, na mchezo ukaisha bila bao. Mchezo wa pili Tanzania iliifunga Angola mabao 2 kwa 1. Ukabaki mchezo wa tatu, na Niger. Sare tu ingalitosha. Lakini Niger walifunga bao 1, na Watanzania hawakupata la kusawazisha. Timu hizi mbili zikawa na pointi 4 kila moja. Kwa hiyo likatazamwa jambo moja, yaani ni nani aliyemshinda mwenziwe. Niger wakaendelea mbele, wakaenda India. Serengeti Boys wakarudi nyumbani.

Bao moja! Nani awezaye kusema ni kosa la nani? Bao halifungwi kwa kosa la mtu mmoja tu. Aliyepoteza mpira, aliyechelewa kurudi, aliyenyamaza badala ya kumwonya mwenziwe, wote wana sehemu. Ndiyo maana wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. Kazi ya ujira

Kijana yule hakuishia pale. Aliendelea kuitumikia Mtibwa Sugar katika ligi kuu, na mwezi wa Januari mwaka 2021 akahamia Yanga ya Dar es Salaam, akiwa na miaka 20.

Hapa yafaa tueleze kazi ya mchezaji wa ujira. Yeye ni mfanyakazi kama fundi au karani. Hutia sahihi mkataba wenye mwanzo na mwisho, nao hutaja mshahara wake na wajibu wake. Sheria za mpira wa dunia huwalinda watoto: aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba unaozidi miaka 3, wala haruhusiwi kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa. Tena klabu zilizomlea hazisahauliwi. Mchezaji akinunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, sehemu 5 katika kila 100 za fedha hizo hugawiwa klabu zilizomfundisha tangu alipokuwa na miaka 12.

Basi, kijana asiyejua kusoma mkataba wake ni kama mtu auzaye korosho zake bila kuutazama mzani. Tena kazi hii ni fupi. Wachezaji wengi huiacha kabla ya kutimiza miaka 40, na goti likiumia vibaya yaweza kuisha kwa siku moja. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kipaji cha miguu kinamwondolea haja ya kalamu.

7. Fainali ya mwaka 2023

Job akiwamo, Yanga ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika misimu 4 mfululizo, tangu 2021/22 mpaka 2024/25. Na katika msimu wa 2021/22 haikushindwa katika mchezo hata mmoja wa ligi.

Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na adui wake alikuwa USM Alger ya Algeria. Tarehe 28 Mei, katika uwanja wa Benjamin Mkapa, wageni walitangulia kufunga. Dakika za mwisho Fiston Mayele akasawazisha, na uwanja wote ukalipuka kwa shangwe. Kabla shangwe haijatulia, wageni wakafunga tena: 2 kwa 1. Tarehe 3 Juni, huko Algiers, Yanga ilishinda bao 1 kwa 0, na mfungaji alikuwa beki, Djuma Shabani, kwa penalti. Jumla ikawa mabao 2 kwa 2. Lakini ile kanuni ya mabao ya ugenini iliyowatoa Serengeti Boys mwaka 2016 ikawapa Waalgeria kombe.

Twaona hapa hatari ya shangwe. Saa ya hatari kwa mlinzi si ile adui anapokuja kwa kishindo, kwa maana wakati ule kila mtu yu macho. Ni ile saa ya furaha, watu wanapokumbatiana na kusahau kwamba filimbi ya mwisho haijalia.

8. Karibu na kwetu

Mambo haya si ya mbali nasi. Ruangwa ina timu yake, Namungo, ichezayo katika uwanja wa Majaliwa. Mwaka 2019 ilipanda ligi kuu, na msimu wake wa kwanza ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania. Tarehe 2 Agosti 2020, huko Sumbawanga, ilifungwa na Simba mabao 2 kwa 1. Hata hivyo, kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, Namungo ilipewa nafasi ya kucheza mashindano ya Afrika, ikaitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7 kwa 5, na kufika hatua ya makundi. Timu ya wilaya ya Ruangwa ilisimama mbele ya Raja Casablanca ya Morocco na Pyramids ya Misri.

Basi ninyi mnaocheza mpira jioni baada ya kuteka maji, yule awekwaye nyuma asinung'unike kwamba amenyimwa heshima. Goli ni shamba la wote, naye amekabidhiwa dungu. Asimame mahali pake, aseme na wenziwe, ajizuie asikasirike, aseme kweli juu ya umri wake, wala asisinzie kwa sababu ya shangwe. Huenda asisifiwe na mtu. Lakini asubuhi mahindi yatakuwa yamesimama.

Maswali

1. Kwa nini mlinzi wa shamba hasifiwi mavuno yakiwa mema?
2. Eleza sheria ya kuotea kwa maneno yako mwenyewe.
3. Congo iliondolewa kwa sababu gani mwaka 2017? Ni nani waliopata hasara?
4. Niger na Tanzania zilikuwa na pointi sawa. Kwa nini Niger ndiyo iliyoendelea?
5. Mkataba ni nini? Taja mambo mawili yaliyomo.
6. Andika habari fupi ya mtu wa kijijini kwako ambaye kazi yake haionekani ila siku asipoifanya.