Nywele Ndefu na Daladala ya Saa Kumi na Mbili

Mdogo wangu, tuanze na ile jioni unayoiogopa. Jumapili, umemaliza kufumua rasta, sakafu imejaa nywele bandia kama mahali aliponyonyolewa kuku, na wewe umesimama mbele ya kioo kichwa kimetuna. Nywele ni zako, tena ndefu, ukizivuta zinagusa mabega. Kesho saa kumi na mbili asubuhi unatakiwa uwe kituoni. Sasa hizi unazifanyaje? Wengi wenu mnaoniandikia mna jibu moja: kumpigia msusi simu akusuke nyingine usiku huohuo.

Nawaelewa. Wengi wetu tuliosoma shule za serikali hapa Tanzania tulinyolewa tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, wengine mpaka cha sita. Umri ule ambao binti angejifunza kichwa chake, sisi tulikuwa na wembe na vipara vinavyong'aa juani. Ukimaliza shule unaziachia, zikishikika tu unaweka rasta, na hapo ndipo mnapoachana: nywele huko ndani, wewe huku nje. Mnaonana kwa saa mbili kila baada ya mwezi na nusu, kama ndugu wanaokutana misibani.

Hebu tupige hesabu kidogo. Unywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa wengine ikizidi kidogo, kwa wengine ikipungua. Kama umemaliza kidato cha nne miaka minne iliyopita, ulipaswa kuwa na kama sentimita 48. Chukua rula. Vuta fungu moja la nyuma ya sikio mpaka linyooke, upime. Usipime zikiwa zimejikunja, maana nywele za kipilipili zikijikunja zinaweza kurudi hata nusu ya urefu wake na utajisikitisha bure. Umepata 20? Basi zile 28 nyingine hazikukataa kuota. Ziliota, zikakatika. Zimo kwenye shanuo, kwenye foronya, na kwenye ile mipira ya kufungia noti uliyobania nywele wiki nzima.

Ndiyo maana ukiniuliza mtindo mzuri wa kila siku ni upi, sianzi na urembo. Natafuta ule unaoutengeneza mwenyewe kwa robo saa, usiovuta na usiong'oa. Ukitoka na urembo wake, tunapokea kwa mikono miwili.

Kazi yenyewe iko Jumapili, na siyo usiku. Mchana. Paka mafuta ya nazi saa moja kabla ya kuosha, hasa nchani. Mafuta ya nazi yana sifa moja ambayo si kila mafuta yanayo: hupenya ndani ya unywele, kwa hiyo ukiosha hauvimbi sana kwa maji na haupotezi uimara wake. Na nchani ndiko kwenye njaa, kwa sababu mafuta ya asili ya kichwani huteleza vizuri kwenye unywele ulionyooka, lakini kwetu hukwama kwenye mikunjo na huku chini hakufiki kitu.

Ukishaosha, weka kondishena, na ikiwa bado imo ndani anza kuchambua mafundo kwa vidole, kisha shanuo la meno mapana. Anzia nchani, panda kidogokidogo mpaka kwenye shina. Ukianzia juu unayasukuma mafundo yote yakakutane chini, halafu unasikia ka, ka, ka. Mlio huo ni sentimita zako.

Kuhusu parachichi na mayai, jamani. Najua mnaona video. Mimi niliwahi kuponda parachichi nikalipaka kichwa kizima, nikaosha mara nne, na Jumatatu mchana mwenzangu ofisini akanyoosha mkono akatoa kitu cha kijani juu ya sikio langu, akakitazama, akanitazama, akakiweka kwenye sahani yake ya chai bila kusema neno. Parachichi tule na wali.

Nywele zikiwa na unyevunyevu, zigawe mafungu sita au manane uyasuke mabutu makubwa. Ukitaka zinyooke zaidi, tumia uzi. Ule mweusi wa kusukia, wa bei ya kutupa, uko karibu kila duka la vipodozi. Funga uzi kwenye shina la fungu bila kukaza, halafu uzungushe kuteremka mpaka nchani, mzunguko usipishane na mwenzake zaidi ya upana wa kidole. Kila fungu likiisha linasimama kama pembe, na kama una kaka nyumbani jiandae kuchekwa. Asubuhi ukiufumua, nywele zimenyooka na hukuchoma kitu. Bibi zetu walinyoosha hivi kabla nguzo ya umeme haijafika kijijini, sisi tukaja kuambiwa ni mambo ya kishamba, tukaanza kuunguza masikio kwa kitana cha moto.

Ukilala, funika kichwa kwa satini. Foronya ya pamba inakunyonya mafuta usiku kucha na kukukwaruza kila ukigeuka. Nusu mita ya kitambaa na fundi cherehani wa mtaani inatosha kupata kofia, na chenji inabaki.

Jumatatu sasa. Mtindo ninaoupenda kuliko yote ni misokoto miwili, na nitaueleza polepole kwa sababu ukiushika huu umeshika mingi. Fumua mabutu taratibu, vidole vikiwa na mafuta kidogo. Pasua njia katikati kutoka kwenye paji mpaka kisogoni. Anza upande wa kulia: shika fungu dogo juu ya jicho, ligawe mara mbili, la mbele lipitishe juu ya la nyuma. Kabla hujarudia, ongeza nywele kidogo kwenye lile lililo upande wa uso. Pitisha tena, ongeza tena, huku mkono ukifuata mzunguko wa kichwa, juu ya sikio, kuelekea kisogoni. Usivute kuelekea nyuma. Acha msokoto ulale juu ya ngozi kwa uzito wake. Fanya hivyo na kushoto. Ncha mbili zikikutana nyuma, zisokote pamoja, zikunjie ndani, chomeka pini tatu. Pini iliyotoka kijipira chake mwishoni itupe, inakata nywele na inachana ngozi.

Mara ya kwanza itakuchukua dakika arobaini, mikono itauma, na upande mmoja utakuwa mnene kuliko mwenzake. Nenda hivyohivyo kazini. Daladala ya saa kumi na mbili, watu wamebanana na mkono wa mtu uko juu ya kichwa chako, hakuna anayepima msokoto kwa rula. Jumatatu ya tatu utakuwa unatumia dakika kumi, chai ikiwa jikoni.

Mtindo huo unakaa siku tatu ukiulinda usiku. Jumatano, vinyweleo vya juu vikianza kusimama, jaza maji kwenye ile chupa ya kupulizia nguo wakati wa kupiga pasi, tone la mafuta ndani, pulizia, lainisha kwa kiganja. Na kama unaishi Dar, zoea mapema: hewa ya hapa ina maji. Utatoka nyumbani nywele zimelala, utafika kazini zimeamka. Kupambana na hali hiyo kwa jeli kila asubuhi kunajaza unga mweupe kichwani, watu wakadhani una mba.

Siku ukiuchoka msokoto, ufumue, nywele zikusanye uzibane fundo. Hapa naomba mnisikilize kwenye suala la mpira. Tafuta soksi ndefu za kike, zile nyembamba za nailoni zilizotoboka, uzikate vipande vya duara kwenye mguu, upana wa vidole vitatu. Kipande kimoja kinavutika, kinazunguka nywele ndefu mara mbili, hakikati, na jozi moja inakupa vipande vya miezi. Fundo likiwa limekaa, jiangalie kwenye kioo uinue nyusi. Ngozi ya paji ikigoma kusogea, umekaza mno, legeza. Na lihamishe: leo utosini, kesho kisogoni, siku nyingine ubavuni chini ya sikio, ambako mimi naona ndiko linakopendeza zaidi ukivaa hereni ndefu. Fundo la mahali pamoja miezi sita linaacha alama ya nywele zilizokatika kwa duara, kama kiti kilichokaliwa kupita kiasi.

Alhamisi ni kilemba, kwa sababu Alhamisi mtu amechoka. Kitenge ulichobakiza kwa fundi, urefu wa mikono yako miwili ukiinyoosha. Tanguliza kitambaa chembamba cha satini, kisha anzia kisogoni, leta ncha zote mbele, zipishanishe juu ya paji, zizungushe, chomeka. Nywele chini yake ziwe zimesukwa mabutu mawili yaliyolala, siyo zimetupwa tu humo zikazane zenyewe. Kilemba kinaficha mengi, na mabosi wengi wanakiheshimu kuliko hata blauzi ya kuazima.

Dada zangu mnaovaa hijabu, msije mkasema nimewasahau. Ninyi mna ulinzi wa jua na vumbi ambao wengine tunautafuta, ila mna balaa moja: kufunika nywele mbichi. Umeosha alfajiri, umebana fundo likiwa linachuruzika maji, umevaa kofia ya ndani juu yake, na siku nzima kichwa kinachemka kama ndizi zilizovundikwa. Harufu inatoka, kichwa kinawasha, nywele zinalegea. Osha jioni. Zikikauka, suka mashungi mawili mapana, yakutanishe kisogoni chini kabisa ili mtandio ukae vizuri bila kifundo cha kukuumiza ukiegemea kiti. Kofia ya ndani ibadilike kila siku. Na mkirudi nyumbani mkachomeka asmini, hilo wa Pwani hamhitaji kufundishwa na mtu wa bara.

Wenye nywele za dawa, mengi hapo juu ni yenu pia, isipokuwa uzi hamuuhitaji, na pale nywele mpya zinazoota zinapokutana na zile za dawa ndipo panapokatika. Msikokote hapo.

Nirudi kwa msusi, maana sikusema usiende. Ususi ni sanaa na wanaoishi nayo wanastahili fedha yao. Lakini nikupe kisa. Miaka ya nyuma nilikuwa na harusi ya kwenda, nikasuka vinywele vidogovidogo sana, saluni moja ambayo sitaitaja. Dada wa watu alikuwa na mkono mgumu. Nilipomwambia inauma akacheka: "Urembo unauma, dada." Nami nikanyamaza, kwa sababu tangu utotoni tumekalishwa katikati ya magoti ya shangazi tukaambiwa usitikisike. Usiku nilimeza dawa ya maumivu na kulala kifudifudi. Siku ya pili vipele vyeupe vidogo vikatoka kwenye panja, pembe zote mbili za uso. Harusi nilienda, picha zilipendeza. Nilipofumua, panja la kushoto lilikuwa na upara wa ukubwa wa kisoda.

Daktari wa ngozi aliniambia kitu ambacho nakirudia kila nikipata mtu wa kunisikiliza: nywele zinazovutwa mara kwa mara, shina lake linachoka. Mwanzoni ukiacha kuvuta zinarudi. Ukiendelea miaka, shina linafanya kovu, na juu ya kovu hakuna mafuta yatakayootesha unywele, yawe ya mnyonyo, yawe ya habati soda, yawe ya ile chupa inayouzwa kwa siri. Zangu zilirudi, ilichukua karibu mwaka, na nilijifunza kusema mapema kabla msusi hajashika fungu la kwanza: "Mbele hapa usivute, na vile vinyweleo vya pembeni viache nje." Akinuna, anune. Ukiona kichwa kinauma umekaa palepale kwenye kiti, mwambie afumue huo mstari. Ukiona vipele, fumua mwenyewe usiku huohuo, hata kama ulilipa jana.

Na rasta zenyewe, wiki sita zinatosha. Nikisikia mtu anahesabu ya kumi na mbili nalionea huruma shanuo lake.

Ijumaa sina maelekezo marefu. Fumua kila kitu, tumbukiza vidole kwenye mashina, zitikise, ziache. Baada ya misokoto na mafundo ya wiki nzima zitakuwa na mawimbi ambayo saluni wangekutoza kuyatengeneza. Bana upande mmoja tu kwa kibanio juu ya sikio. Kuna mtu ofisini atakuuliza umesukia wapi.

Nimemaliza, na saa hizi ni saa nne usiku wa Jumapili. Nimekaa nikiwaandikia ninyi tangu jioni, uzi uko mezani na haujafunguliwa, kichwa kimetuna vilevile. Kesho mkiniona kituoni na kilemba siku ya Jumatatu, msiniulize.