King'amuzi na Kisanduku cha Intaneti

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Madukani siku hizi mna vyombo viwili ambavyo mtu asiyetazama vizuri aweza kudhani ni kimoja. Vyote ni visanduku vidogo, vyote vina rimoti, na vyote huunganishwa na televisheni. Cha kwanza ni king'amuzi, ambacho kila mtu akijua. Cha pili ni kisanduku cha intaneti, yaani chombo cha kutiririsha picha. Kwetu Issuna mtu hununua kitu cha namna hii baada ya kuuza alizeti au vitunguu, na fedha ikishatoka hairudi mpaka mavuno mengine. Kwa hiyo yafaa tujue tofauti ya vyombo hivi kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

HISTORIA YA KING'AMUZI

Televisheni katika nchi yetu ilianzia Unguja mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Bara tulingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, ITV kikiwa kimojawapo. Siku hizo picha zilirushwa kwa njia ya analojia. Wimbi moja lilibeba kituo kimoja tu, na antena iliyofungwa juu ya mti mrefu ilitosha kuinasa picha.

Mwaka 2006 mataifa yalikubaliana mjini Geneva kuhamia njia ya dijitali, ambayo kwayo wimbi moja hubeba vituo vingi. Mwisho wa kuhama uliwekwa tarehe 17 Juni 2015. Tanzania haikungoja siku hiyo. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu. Televisheni za zamani hazikuweza kuielewa lugha ya mawimbi mapya, ikabidi kila nyumba itafute mkalimani. Mkalimani huyo ndiye king'amuzi, na jina lake latokana na neno kung'amua. Mwezi Desemba 2013 ikaanza Azam TV, ambayo picha zake hushuka kutoka kwenye satelaiti hadi kwenye dishi. Hivyo hata kijiji kilicho mbali na mnara kikaweza kuitazama Ligi Kuu.

HISTORIA YA KISANDUKU CHA INTANETI

Chombo hiki kilianzia Marekani. Kampuni ya Netflix ilikuwa ikiwapelekea watu sinema kwa posta, katika sahani za DVD. Mwaka 2007 ilianza kuzipeleka kwa intaneti, na mwaka huohuo kampuni ya Apple ikatoa kisanduku chake, Apple TV. Mwaka 2008 kikatoka kisanduku cha Roku. Neno roku kwa Kijapani maana yake ni sita, kwa kuwa hiyo ilikuwa kampuni ya sita ya mwanzilishi wake, Anthony Wood. Mwaka 2013 Google ikatoa Chromecast, kidude cha kufichika kiganjani, kwa bei ya dola 35.

Kwetu vyombo hivyo visingefaa kitu bila njia ya kupitia. Njia hiyo ilianza kupanuka mwezi Julai 2009, mkongo wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulipofika Dar es Salaam. Mwezi Januari 2016 Netflix nayo ikafungua huduma yake katika nchi zaidi ya 130, na Tanzania ikiwamo.

TOFAUTI YAO KATIKA KAZI

King'amuzi hupokea kama shamba lipokeavyo mvua. Mvua ikinyesha Issuna, yanyesha kwa wote pamoja, na shamba la jirani likilowa langu halipungukiwi. Satelaiti nayo hurusha picha mara moja tu, wakitazama watu kumi au milioni.

Kisanduku cha intaneti ni kama maji ya bombani ya kulipia kwa ndoo. Kila nyumba huagiza picha yake, na huletewa peke yake. Sinema hukatwa vipande vidogo vya sekunde chache, na kila kipande huandaliwa kwa ubora wa namna mbalimbali. Njia ikiwa pana, chombo huagiza kipande kizuri zaidi. Ikiwa nyembamba, huagiza kile hafifu. Ndiyo maana picha huweza kufifia ghafula, kisha ikang'aa tena. Vipande vikikosekana kabisa, picha husimama.

Sasa tupige hesabu. Tuseme picha yahitaji megabiti 3 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600, basi tutapata megabiti 10,800. Kwa kuwa biti 8 ni baiti 1, tukigawanya kwa 8 twapata megabaiti 1,350. Mpira wa dakika 90 utakula megabaiti 2,025, yaani gigabaiti 2 na zaidi kidogo. Msomaji na aulize bei ya bando la kiasi hicho, kisha azidishe kwa idadi ya mechi za mwezi mzima.

Jirani yetu mmoja alinunua kisanduku hicho mjini. Muuzaji alimwambia kuwa hakina malipo ya kila mwezi. Maneno hayo yalikuwa kweli, ila habari ya bando hakuitaja. Siku ya mpira bando liliisha kabla ya kipindi cha pili, na vijana waliojaa sebuleni wakaondoka mmoja mmoja kwenda kibanda umiza, ambako dishi lilikuwa likiendelea na kazi yake.

FAIDA ZAKE

Lakini tusikitukane kisanduku cha intaneti. Mwenye king'amuzi hufuata saa ya kituo, bali mwenye kisanduku hujichagulia saa yake. Mwanafunzi asiyefahamu somo la umeme aweza kumsimamisha mwalimu, akamrudisha nyuma, akasikiliza mara tatu. Ubaoni hatuwezi kufanya hivyo.

Kabla ya kununua, mtu na ajiulize mambo haya:

1. Je, televisheni yangu ina tundu la HDMI? Zile za chogo kwa kawaida hazina.
2. Je, mtandao nyumbani kwangu una kasi ya kutosha, hasa jioni watu wengi wanapoutumia?
3. Je, bando la mwezi nitaliweza, au nitaliweza mwezi wa mavuno tu?

Jambo la mwisho latuhusu sisi wanafunzi zaidi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Mtoto mwenye redio ya betri alisikia sawa na mtoto wa tajiri. Leo masomo mengi yahamia kwenye intaneti, nako ni kuzuri, maana huko yamo mengi kuliko redio iwezavyo kubeba. Lakini mtoto asiye na fedha ya ndoo hatakunywa. Basi wakubwa wanapotujengea mabomba, tunawaomba wasiifunge mvua.